Krismasi ya kwanza bila mama watoto: furaha inatafutwa wapi?

Fundi Milango (Kisumu)

Bwana asifiwe, ndugu na dada.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, karakana yangu iko Kondele na ninaishi Manyatta. Mama watoto alituacha Julai mwaka huu. Ilikuwa figo. Tulienda naye kusafisha damu mara mbili kwa wiki, mwishowe mwili ukakataa. Tulimzika nyumbani kwetu upande wa Luanda, kaunti ya Vihiga. Watoto ni wawili, binti wa miaka tisa na mvulana wa miaka minne.

Siandiki kuomba mafundisho ya ufufuo. Naamini wafu watafufuliwa. Niliamini kabla ya kaburi na niliamini nikiwa nimesimama kando yake na koleo mkononi. Shida yangu ni ndogo kuliko hiyo, ila ndiyo inayonishinda: Desemba imefika.

Kwetu mafundi Desemba ndio mwezi wenyewe. Kila aliyejenga ocha, yaani kijijini kwao, anataka lango lisimame kabla wageni hawajafika, kwa hiyo nashinda kwenye cheche mpaka giza, na nashukuru. Nyuma ya ngao ya kuchomelea hakuna anayekuuliza unaendeleaje. Jioni ndiyo mbaya. Niko kwaya ya kanisa letu la Anglikana, naimba besi, na sasa hivi ni mazoezi ya nyimbo za Krismasi tu. Tukifika pale pa kushangilia koo linafunga. Wenzangu wanadhani ni vumbi la chuma. Mama watoto hakuwa mwimbaji, alikuwa anakaa benchi la tatu upande wa dirisha, na tukirudi nyumbani alinicheka, eti naimba nimefumba macho kama mtu anayedungwa sindano. Sasa nikifumba macho namwona, nikifumbua naliona benchi.

Halafu Ijumaa simu yake ikalia. Laini yake sijaifunga kwa sababu ya mambo ya chama chake cha akiba. Nikapokea, mama mmoja akaanza bila salamu, akamwita kwa jina la binti yetu: "Nguo za watoto zimekaa sana hapa soko la Kibuye, njoo umalize deni uchukue, sikukuu hiyo inafika." Kumbe mama watoto alikuwa ameanza kulipa mdogo mdogo tangu mapema mwaka, hata kabla ya kulazwa mara ya kwanza. Mimi sikujua. Nilimwambia huyo mama nitakuja, nikakata. Sikuweza kumweleza.

Kuna mzee kanisani aliyenishika mkono baada ya ibada akaniambia Mkristo halii kama wasio na tumaini, nikaze moyo, na mwaka mpya nitafute mke kwa sababu ya watoto. Alikuwa na nia njema, sisemi hakuwa nayo. Na huko nyumbani ndugu zangu wameamua, kwa kuwa watu wote watakuwa wamekuja, ukumbusho wa marehemu ufanywe tarehe 26.

Binti ameniuliza akiwa anaosha vyombo, hanitazami: "Baba, sisi mwaka huu tuna sikukuu?" Nilimwambia tutaona.

Sasa nauliza. Nikienda kanisani tarehe 25 nikakaa bila kuimba, nimemkosea Mungu? Na hiyo furaha tunayoambiwa ni ya Krismasi, mtu katika hali yangu anaitafuta wapi? Naomba majibu ya watu waliopitia.

---

Shujaa wa Maombi (Bungoma)

Pole fundi. Lakini tusipambe maneno. Wafilipi 4:4 ni amri, furahini katika Bwana sikuzote. Haikusema mfurahi mkiwa na wake zenu. Huzuni ikikaa sana inageuka mlango wa adui. Ikemee, simama mbele na kwaya uimbe kwa nguvu, utaona koo linafunguka. Na Mungu akupe msaidizi mwingine kwa wakati wake. Amina.

---

Katekista Mstaafu (Kakamega)

Shujaa, hiyo barua isome yote. Aliyeiandika alikuwa kifungoni, na sura ya pili, mstari wa 27, anamtaja Epafrodito aliyeugua akakaribia kufa. Anasema Mungu alimhurumia mgonjwa, na akamhurumia Paulo mwenyewe pia, asipate "huzuni juu ya huzuni". Mtu yule yule aliyeandika furahini anasema wazi kwamba rafiki yake angekufa, yeye angeumia juu ya maumivu aliyokuwa nayo tayari. Kurasa mbili tu zinatenganisha maneno hayo. Sasa sisi tunachukua ule mmoja tunaupeleka matangani.

Ndugu Fundi, mimi ni Mkatoliki, nimefundisha vigangoni mpaka magoti yakakataa baiskeli, kwa hiyo utanivumilia nikija na kalenda. Majilio, zile wiki za kungojea Krismasi, najua ninyi Waanglikana pia mnayo. Rangi yake ni zambarau, rangi ya Kwaresima. Jumapili ya tatu, katikati ya zambarau hiyo hiyo, ndiyo tunayoiita Jumapili ya Furaha. Kanisa halingoji zambarau iondolewe ndipo liseme furahini. Kisha tazama yanayofuata. Tarehe 26 ni Stefano, aliyepigwa mawe mpaka akafa. Tarehe 28 ni wale watoto wachanga wa Bethlehemu waliouawa kwa amri ya Herode. Hori bado liko mbele ya altare, maua hayajanyauka, na sisi tunasoma habari za mama waliofiwa. Mathayo 2:18 inamtaja Raheli akiwalilia watoto wake na kukataa kufarijiwa. Hiyo ni Injili ya Krismasi, ila kwenye maigizo ya watoto wa Jumapili huwa tunaikata, tunafunga pazia mamajusi wakishatoa zawadi. Nimeyaongoza hayo maigizo miaka mingi na sijawahi kuona mtu akiomba sehemu ya Raheli.

Kitu kingine. Luka 2, mtoto akiwa bado mikononi, mzee Simeoni anamwambia Mariamu kwamba upanga utaingia moyoni mwake. Hapo hapo anatokea nabii Ana, mjane. Luka anataja miaka 84. Lakini kabla ya kuitaja hiyo, anataja kwamba alikaa na mumewe miaka saba. Habari ni ya Masihi, nafasi ya kuandikia ni ndogo, hata jina la huyo mume hatupewi, ila miaka yao saba imeandikwa. Na mjane huyo ndiye anayekwenda kuwasimulia watu habari za mtoto.

Kuhusu kuimba, jibu langu ni hapana, hujamkosea Mungu. Soma tena habari ya wachungaji wa kondeni. Malaika ndio waliokuwa wakimsifu Mungu. Wachungaji waliambiwa tu kwamba watamkuta mtoto mchanga amelala horini. Wakaenda. Kumtukuza Mungu kwao Luka anakuweka wakati wa kurudi, mstari wa 20. Kwa hiyo wewe nenda. Simama na besi wenzako ukiwa umenyamaza. Ukiimba wakati wa kurudi, vizuri, na kurudi kwako kukichukua mpaka mwakani, pia ni kurudi.

---

Mama Viazi (Free Area, Nakuru)

Katekista ubarikiwe, umenena. Mimi si mtu wa kalenda, nauza viazi. Baba watoto wangu aliondoka Novemba, kwa hiyo Krismasi ilinikuta hata viti vya matanga havijarudishwa. Nakupa ya jikoni, shemeji.

Kwanza, kaa chini uandike kila kazi aliyokuwa anafanya mama watoto siku hiyo. Yote. Nani alikuwa anaamsha watu, nani anaogesha mtoto, nani anapika nini, nani anagawa soda, nani anaombea chakula. Kisha kila moja uipe mtu, na umwambie kabla. Kwetu baba ndiye alikuwa anachinja. Nilimpigia ndugu yake siku kadhaa mbele nikamwambia kisu ni chako mwaka huu, njoo nacho. Nilijua bila hivyo tungefika pale kwa mbuzi, watu watazamane, na mimi ningeangukia hapo mbele ya watoto. Nililia, lakini nililia saa nyingine, nikitafuta chumvi. Haiji saa unayoitazamia.

Pili, uwe na mtu mmoja anayejua ukitoka nje asikufuate. Mmoja tu. Mimi ilikuwa dada yangu. Kazi yake ni kuwaangalia watoto na kuwazuia wale wanaokuja nyuma yako na "pole sana, kazi ya Mungu". Watu wa ocha wanakupenda, lakini kila anayefika na gari lake anataka alie na wewe upya. Ukilia na kila mmoja, jioni utakuwa umebaki ngozi.

Tatu, huo ukumbusho wa tarehe 26 ukatae. Nasema hivyo waziwazi. Ukifanywa hiyo siku, watoto wako watakua wakijua Krismasi ni siku ya hema na picha ya mama juu ya meza. Waambie ndugu zako Pasaka. Pasaka watu pia wanakuja nyumbani, na maneno ya kaburi yana mahali pake. Wakisema gharama, waulize ng'ombe wa Desemba ni bei gani na ng'ombe wa Aprili ni bei gani. Hapo huwa wananyamaza.

Na usafiri asubuhi. Wewe uko karibu, hata hivyo jioni ya tarehe 24 stendi ya Kisumu si mahali pa kusimama na mtoto wa miaka minne. Sisi wa Nakuru tunaokwenda magharibi tunajua nauli ya siku hizo inavyopanda.

Huyo mzee wa kukuoza, mwambie atangulie kulea mmoja wa watoto kwa mwezi, kisha mtaongea.

---

Mwalimu wa Chekechea (Mbale, Vihiga)

Fundi pole sana. Niongee upande wa watoto kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Mama alifariki nikiwa darasa la nne.

Baba alijitahidi. Alinunua kreti ya soda, akatununulia nguo, akaleta na redio mpya. Kitu ambacho hakufanya ni kumtaja mama. Hakuna aliyetukataza, lakini tulielewa haraka kwamba jina hilo linamuumiza, tukaacha. Mdogo wangu lilimtoka mezani, akasema tu "mama hupenda kipapatio", sote tukainamia sahani. Nyanya ndiye alituokoa. Alipoombea chakula alimtaja kwa jina, akamshukuru Mungu kwa ajili yake kwa sauti ya kawaida, akaendelea kuwataja wajukuu wote mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Ilikuwa sala ndefu ya kawaida ya mwanamke wa Kanisa la Marafiki, wali ukapoa. Baba alilia mbele yetu kwa mara ya kwanza. Mimi nilikuwa na hofu kwamba akianza hataacha. Aliacha, akachukua nyama. Baada ya hapo tukaanza kubishana na mdogo wangu kuhusu vipapatio, kwa sauti. Nakwambia hiyo ndiyo Krismasi ninayoikumbuka.

Kwa hiyo mtaje. Afadhali wewe, kabla ya chakula.

Binti usimwambie "tutaona". Kuosha vyombo bila kukutazama ni kwamba ameshajiandaa kwa jibu la hapana ili asikusumbue. Mwambie ndiyo, tuna sikukuu, kisha umuulize ni kitu gani cha mama anataka kibaki, na ni kipi mwaka huu anaona kinaweza kukaa kando. Watoto wa umri huo huwa wanajua kabisa.

Mdogo ndiye nina wasiwasi naye. Fikiria anavyoiona yeye. Sikukuu ni wakati watu waliokuwa mbali wanarudi nyumbani. Shangazi wanatoka Nairobi, baba wadogo wanatoka Mombasa. Mama alipelekwa Luanda akabaki huko. Sasa mnapanda gari kwenda Luanda. Kama kuna mtu aliwahi kumwambia mama amesafiri, huyo mtoto anaweza kushuka kwenye gari akamtafuta. Nimeyaona darasani kwangu baada ya likizo. Mwambie kabla hamjaondoka, kwa maneno mafupi: mama alikufa, mwili wake uko kaburini nyumbani, hatutamkuta, tunaamini yuko kwa Mungu. Atauliza tena mkiwa njiani na atauliza tena mkifika. Mjibu vile vile. Mkifika mpeleke kaburini siku hiyo hiyo, asilikute peke yake akicheza na binamu zake.

---

Fundi Milango (Kisumu)

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Asanteni. Nilichelewa kujibu kwa sababu ya malango ya watu.

Nilikwenda Kibuye Jumapili baada ya ibada, siku ambayo huwezi hata kupita na baiskeli. Nilipompata yule mama nikamweleza. Alikaa juu ya robota lake la nguo, akanyamaza kwa muda, kisha akatoa daftari. Jina liko pale, na chini yake malipo kwa kalamu: mia mbili, mia, hamsini, mia mbili. Ya mwisho ni ya Juni. Baki ilikuwa mia nne na hamsini. Nikalipa, akaipokea, na nilifurahi aliipokea, kwa sababu angeninyima kulipa ningelia pale sokoni. Akaongeza soksi pea mbili, akasema hizo ni zake.

Halafu akanisimulia kwamba walibishana na mama watoto. Gauni alilochagua lilikuwa kubwa, yule mama akamwambia mtoto wa miaka tisa atapotea humo. Akajibiwa, "Desemba atakuwa mrefu." Jioni binti amelijaribu. Mabega yamekaa sawa, urefu umefika chini ya magoti kidogo, hakuna cha kukunja. Nikacheka. Nilicheka kwa sababu hiyo ni tabia yake kabisa, hata viatu vyangu alikuwa ananunua vilivyozidi namba moja, na mimi niliacha kuongezeka zamani. Binti akauliza nacheka nini, nikamwambia. Tukaongea habari za mama yake mpaka uji ukaungua. Sijui kama hiyo ndiyo furaha mnayoisema, Katekista utaniambia. Ilikuwa na uzito wake. Lakini haikuwa ile hali ya benchi.

Ndugu zangu nimewapigia. Mkubwa alikuwa mkali, eti ameshaongea na watu wa hema. Nikamtajia bei ya ng'ombe. Ukumbusho ni Pasaka.

Binti nilimuuliza kama Mwalimu alivyosema. Vitu viwili tu. Cha kwanza ni pale Maseno kwenye alama ya ikweta. Mama yao alikuwa anawaambia "inueni miguu tuvuke", na wote kwenye matatu wanainua, hata mimi alinilazimisha. Anataka tuinue. Cha pili ni chapati za asubuhi ya tarehe 25, na anataka tupike sisi wawili, si shangazi zake. Mwaka huu anaona tunaweza kuacha kuzunguka kwa majirani wote na sahani. Alisema hiyo ilikuwa inamchosha hata mama.

Mdogo nimemweleza. Aliuliza kama Yesu akizaliwa anaweza kumleta mama. Nilimwambia siku Yesu atakaporudi, ndiyo, ila si sikukuu hii. Akasema sawa, akauliza kuhusu soksi.

Kwaya nimemwambia kiongozi wetu nitasimama, na koo likifunga nitanyamaza. Besi tuko wanne. Akasema watatu wanatosha kwa hizo beti.

Sasa Mama Viazi, nisaidie. Sijawahi kupika chapati maishani mwangu. Tutakuwa watu kama kumi na watano na watoto ndani. Pakiti ya kilo mbili inatoa ngapi, na huo unga unakandwaje usiwe mgumu?

---

Shujaa wa Maombi (Bungoma)

Nimesoma hiyo ya Epafrodito. Bado nasema uimbe. Nitafunga na kuomba kwa ajili yako na watoto tarehe 24.

---

Mama Viazi (Free Area, Nakuru)

Shemeji, kilo mbili zinakupa ishirini hivi za ukubwa wa sahani. Chukua pakiti mbili, chapati hazijawahi kulala kwenye boma lenye watoto.

Maji yawe ya vuguvugu, si ya moto. Kwa kilo mbili utahitaji zaidi ya lita moja kidogo, lakini usiyamwage yote, ongeza kidogo kidogo. Chumvi, sukari kijiko kimoja au viwili, mafuta ya kupikia kama nusu kikombe. Kanda mpaka unga uache kushika mikono. Wewe una mikono ya chuma, utamaliza haraka kuliko mimi. Kisha funika na uuache nusu saa. Wanaume ndio wanaruka hapo, halafu wanalalamika chapati ni ngumu.

Ukate madonge, sukuma moja moja, paka mafuta, kunja iwe kamba kisha izungushe kama konokono. Hiyo ya konokono mpe binti, mikono midogo inafanya vizuri. Ziache tena kidogo ndipo usukume za kupika. Moto wa jiko uwe wa wastani. Najua wewe huogopi moto, lakini huu usiuzidishe. Upande wa kwanza usipake mafuta mpaka uone madoa ya kahawia. Zikiiva zipange kwenye sufuria na ufunike na kitambaa safi, zitabaki laini mpaka mtoke kanisani.

Jaribuni Jumamosi hii hapo Manyatta na kilo moja kwanza. Na unga wa sikukuu ununue mapema, wiki ya mwisho maduka ya ocha huwa yamebaki na unga wa ugali peke yake.